Mgeni wa Meza ya Dirishani

Saa mbili na robo asubuhi, na mkono wa kushoto tayari umo ndani ya beseni.

Mzee Karibu anaupaka sabuni taratibu. Anaanza na kiganja, anaugeuza, kisha anapita katikati ya vidole kimoja baada ya kingine, kama mama anayemnawisha mtoto aliyetoka kucheza kwenye tope. Midomoni ana mluzi. Hauna wimbo unaojulikana; ni pumzi tu inayotafuta pa kutokea.

Nyuma yake bomba linadondoka. "Na wewe nyamaza," analiambia bomba, kisha anaendelea na mluzi wake.

Juu ya meza ya chuma amelala mgeni aliyeletwa jana jioni na gari la hospitali. Shuka imemfunika hadi kifuani, na usoni ana kitambaa cheupe chenye unyevu. Kwenye kifundo cha mguu amefungwa kikaratasi chenye namba. Jina halipo. Majina hubaki kwa mkuu wa idara, ghorofa ya pili, na hayashuki ngazi.

"Humu ndani hatuna majina," anasema. "Kuna namba na kuna heshima. Ukishaleta jina, umeleta na watoto wake, na nyumba yake, na vikombe vyake vya chai. Sasa utafanyaje kazi?"

Ndiyo maana uso huuacha mwisho kabisa. Zamu ya uso ikifika, anasema, mikono yake huwa imeshazoeana na mgeni, na hofu imeshakwenda zake.

Kazi yake haina foleni ya waombaji. Ni mhudumu wa idara ya anatomia katika chuo kikuu cha umma, na kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiandaa miili ya watu ambao wakiwa hai waliamua kwamba wakifa, wanafunzi wa udaktari wajifunzie kwao. Anawaosha, anawanyoa, anawawekea dawa ya kuwahifadhi, kisha anawatunza kwa miezi mingi kabla hawajaingia darasani. Mshahara wake ni wa ngazi ya chini kabisa chuoni, na posho ya mazingira magumu imekuwa ikiahidiwa tangu mtoto wake wa kwanza alipokuwa chekechea. Mtoto huyo sasa ana watoto.

Wiki ijayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataingia kwa mara ya kwanza kwenye ukumbi wa mafunzo ulio mlango wa pili. Atawapokea mlangoni na aproni yake ya plastiki, na kila mmoja atampa mkono na kumwambia, "Karibu chuoni." Huko ndiko lilikotoka jina lake. Wengi hawajui kwamba maneno hayohayo, na mkono huohuo, huwapa pia wale walio mezani.

"Nao si wamekuja kufundisha?" anauliza. "Profesa akija unamsalimu. Hawa je?"

Ila ana utaratibu. Kwanza anauosha mkono, anausuuza, anaukausha kwa taulo. Salamu inakuja baadaye. "Huwezi kumpa mgeni mkono wenye sabuni."

Basi asubuhi hii anasuuza. Anakausha. Anaushika mkono wa mgeni kwa mkono wake wa kulia, anauinua kidogo kutoka mezani, na kusema kama anavyosema siku zote:

"Karibu chuo..."

Neno linakatikia hapo. Mluzi nao haurudi.

Kidole cha mwisho cha mkono ule kimepinda. Kimeelekea nje, peke yake, kama mtu aliyegoma kupanga mstari na wenzake. Mzee Karibu anakitazama. Anakigusa kwenye kifundo cha katikati. Anaurudisha mkono juu ya shuka taratibu, kama kitu cha kioo, halafu anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo wake unapogota ukutani, na pale ukutani anateleza hadi chini.

Bomba linaendelea kudondoka. Hakuna anayelikemea.

Kidole kile anakijua. Ni yeye aliyekifunga.

Ilikuwa miaka mingi iliyopita, kwenye jengo la maktaba. Mzee Karibu alikuwa na mazoea ya kwenda kusoma magazeti wakati wa mapumziko, na siku ya kwanza tu alifukuzwa na mkutubi, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye wanafunzi walimwita Mama Kimya. Kosa lake lilikuwa mluzi.

"Kaka," alimwambia mbele ya watu wote, "kama una ng'ombe wa kuwaita, wako nje."

Kesho yake alirudi, akakaa bila mluzi. Keshokutwa yake pia. Siku ya nne akajisahau, akafukuzwa tena. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na kwa miaka yote hiyo haukuwahi kubadilika sana: yeye akijisahau, mama yule akimtoa.

Siku moja toroli la vitabu lilimbana Mama Kimya kwenye mlango wa lifti. Kidole kilivunjika. Zahanati ya chuo ilikuwa imefungwa kwa chakula cha mchana, na mtu pekee aliyekuwa karibu mwenye chochote kinachohusiana na tiba alikuwa mhudumu wa anatomia. Alikifunga kidole kile kwa rula ya plastiki na leso yake mwenyewe, akamwambia kitapona. Kilipona kweli, ila kilipona kikiwa kimepinda.

Kuanzia hapo Mzee Karibu hakupata kupumua. Kila alipofika kaunta ya maktaba, Mama Kimya alikiinua kidole kile juu, wanafunzi wote wakione.

"Mnamwona huyu? Fundi wa wafu huyu! Mkiwa hai, msimsogelee!"

Mzee Karibu, akiwa bado amekaa sakafuni, anaanza kucheka. Kicheko hakifiki mbali. Kinageuka kitu kingine, naye anajifunika uso kwa kiwiko kwa sababu mikono ina glavu.

"Nilikuwa nampigia mluzi," anasema. Analirudia mara kadhaa, kila mara kama jambo jipya. "Yeye yuko pale amelala, na mimi nampigia mluzi. Mtu aliyenitoa nje kwa mluzi! Nimemwosha miguu, nimemgeuza, nimegombana na bomba juu ya kichwa chake, na sikumjua. Ugonjwa umemmaliza, hakubaki hata nusu. Lakini mimi ningemjua. Ningemfunua uso tu, ningemjua."

Hakumfunua, kwa sababu ya utaratibu wake mwenyewe.

Anapoinuka, anapanda hadi ghorofa ya pili. Wanafunzi wanampisha kwenye ngazi, wengine wakimshangaa, maana mkono mmoja una glavu inayochuruza maji na mwingine hauna kitu. Mkuu wa idara, daktari wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi kwenye ukumbi uleule, anamwona mlangoni na kuiweka kalamu chini.

"Umeshamjua," anasema.

"Daktari, ulijua?"

"Nilijua tangu mwaka aliojiandikisha kuutoa mwili wake. Alikuja na mashahidi wake wawili, akaketi hapo."

"Na jana, gari lilipoingia?"

"Nilijua ni yeye."

"Ukanyamaza."

"Nilidhani ni vyema usijue. Si ndivyo unavyotaka siku zote, Mzee? Bila jina?" Daktari anavua miwani. "Na yeye mwenyewe aliniomba. Alisema, 'Usimwambie yule kaka. Akijua ataanza kunionea huruma, na mimi nataka anitanie hadi mwisho.'"

Mzee Karibu anabaki amesimama, glavu ikidondosha maji kwenye zulia la ofisi. Anasema baadaye kwamba alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, hakupaona. Kila mmoja alikuwa amefanya alichoombwa.

Kitu kingine ndicho kinachomrudia. Siku Mama Kimya alipostaafu, wafanyakazi walimfanyia hafla ndogo maktabani, soda na keki, na kwa mara ya kwanza watu waliruhusiwa kuongea kwa sauti mle ndani. Mzee Karibu alimuuliza kwa utani atakwenda wapi sasa kwa kuwa hana mtu wa kumnyamazisha.

"Nitakuja kwako," alijibu, mdomo umejaa keki. "Uniwekee meza ya dirishani. Nimekaa miaka yote hii nyuma ya makabati, sijaona mwanga."

"Karibu! Utaipata!" Mzee Karibu alimwambia, na wote waliokuwepo wakaangua kicheko.

"Nilimkaribisha mwenyewe," anasema sasa. "Kwa mdomo wangu. Nilidhani ni utani."

Hakuwa peke yake aliyedhani hivyo.

Kabla ya saa tano, mwanamke mwenye begi la safari begani anafika kwenye ukumbi mwembamba ulio nje ya chumba cha maandalizi. Macho yamemvimba, na bado ana vumbi la basi. Anaishi mbali na chuo. Alipigiwa simu kwamba mama yake amefariki, akasafiri usiku kucha, akaenda moja kwa moja hospitali.

"Nikaambiwa hayupo, amekwenda chuoni," anasimulia. "Nikawaambia, chuoni kufanya nini? Mama ameshastaafu! Muuguzi akanitazama tu. Nikadhani wamechanganya watu. Nikadhani labda mama yangu ni mzima, yuko maktabani."

Hapo nje hakuna pa kukaa. Mzee Karibu anageuza ndoo tupu chini juu, anaifuta kwa kitambaa, na binti wa Mama Kimya anakaa juu yake. Mkuu wa idara amesimama. Anamweleza polepole: mama yake aliutoa mwili wake kwa hiari, akiwa na akili zake timamu. Hata hivyo, chuo kina kanuni. Kabla dawa haijaingia mwilini, familia ikikataa, inamchukua mtu wake ikamzike, na hakuna atakayeuliza swali. Dawa ikishaingia, basi. Na jokofu la idara limechoka. Haliwezi kumtunza vizuri kupita kesho.

"Kwa hiyo mnataka jibu langu leo," binti anasema.

"Leo au kesho asubuhi."

Simu yake inalia. Anaitazama, anaizima. Inalia tena. "Ndugu," anasema. "Wanauliza mazishi ni lini. Niwaambie nini? Kwamba mama ameajiriwa upya?"

Hakuna anayecheka, ingawa Mzee Karibu anakiri kwamba alimsikia Mama Kimya mwenyewe ndani ya sentensi ile.

Mkuu wa idara anaitwa ofisini. Wanabaki wawili, mmoja kwenye ndoo na mwingine amejiegemeza ukutani.

"Wewe ndiye uliyemfunga kidole?" binti anauliza.

"Ndimi."

"Alikuwa anakuita kaka."

"Alikuwa ananiita majina mengi. Kaka ndilo la heshima."

"Basi wewe ni mjomba wangu." Anasema hivyo bila kutabasamu, kama mtu anayepanga vitu mahali pake. "Mjomba, usinifiche. Watamfanya nini?"

"Watamsoma."

"Usinizungushe, mjomba. Watamkata?"

Mzee Karibu anavuta pumzi. "Watamkata. Polepole, mwaka mzima. Na mimi nitakuwepo kila siku. Nitamfunika wakimaliza, asubuhi nitamfunua. Mwaka ukiisha tunaukusanya mwili wote, hatuachi kitu, na tunamzika. Wanafunzi wenyewe ndio wanaobeba jeneza. Wewe utaitwa. Kaburi litakuwa na jina."

"Angekuwa mama yako, ungemwacha humu?"

Hapo ndipo, anasema, alipotamani angekuwa bado sakafuni. Kwa miaka yote ya kazi amewajibu watu swali hilo haraka haraka, kwamba naam, angemwacha, kwa manufaa ya elimu. Leo alikuwa ametoka kuushika mkono wa mtu anayemjua, na jibu lile halikutoka.

"Sijui, mwanangu," anamwambia. "Jana ningekwambia najua."

Binti anatikisa kichwa taratibu. Kutoka ukumbi wa mafunzo zinasikika sauti za viti vikipangwa kwa ajili ya wiki ijayo.

"Aliniambia, unajua," binti anaanza tena. "Tulikuwa tunaosha vyombo. Alikuwa amekasirika, amerudi kazini na hasira zake. Kuna kitabu kikubwa cha maumbile ya mwili, wanafunzi wa udaktari wanakigombania. Nakala ni chache mno. Basi kila nakala, ukurasa wa mkono umechanwa. Mkono tu! Mifupa ya mkono, mishipa ya mkono, vyote vimekwenda na watu majumbani. Mama akasema, 'Watoto hawa wamenimalizia kurasa za mkono. Ngoja. Ipo siku nitawapa mkono wenyewe, tuone kama watauchana.' Mimi nikacheka. Nikamwambia, mama, pitisha sahani."

Anacheka na kulia kwa pamoja, begi la safari limemwangukia magotini. Mzee Karibu anatafuta leso mfukoni, anaipata, na anasita kidogo kabla ya kumpa. Leso zake na familia hii zina historia.

Wakati wa chakula cha mchana binti anakwenda kwenye korido ya nje kuzungumza na ndugu zake kwa simu. Sauti yake inapanda na kushuka. "Hapana, shangazi, hawajamwiba." "Shangazi, nisikilize." "Alitaka mwenyewe, ndiyo, na mimi nimeshangaa kama wewe." Mzee Karibu hajala. Anampigia mkewe, anayeuza nguo za watoto karibu na stendi, na kumsimulia yote.

Mkewe anasema, "Maskini Mama Kimya." Halafu, kwa sauti nyingine kabisa: "Na wewe usije ukapata mawazo. Miaka yote hii umeshinda huko, halafu ukifa urudi hukohuko? Mimi nitakuona lini?"

Mzee Karibu alikuwa amepata mawazo hayo zamani, anakiri. Hajawahi kumwambia. Leo pia hakumwambia.

Saa tisa alasiri binti anarudi. Ameizima simu kabisa, na ameifunga kanga yake upya kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa kazi.

"Nataka kumwona."

Mzee Karibu anatangulia ndani. Anatandaza shuka safi juu ya ile ya kwanza, anawasha feni ya kutolea hewa, anamsogezea njia katikati ya meza. "Nifunue uso?"

"Hapana. Nimemwona wiki mbili zilizopita akiwa anagomba na daktari wa wodini. Acha nibaki na uso ule. Mkono tu."

Anamwonyesha wa kushoto. Binti anaushika kama alivyoushika yeye asubuhi, kwa mkono wa kulia, na kidole gumba chake kinakwenda chenyewe hadi kwenye kidole kilichopinda. Anakipapasa.

"Una sabuni nzuri," anasema.

"Ya kawaida tu."

"Umemsalimu? Mama alisema huwa unawasalimu. Alikuwa akicheka sana."

"Nilianza. Sikumaliza."

Binti anauweka mkono chini, anazunguka meza, anaangalia upande wa pili. "Na huu wa kulia haujaoshwa?"

"Bado. Nilipofika kwenye kidole sikuendelea."

"Basi usiuoshe." Anaangalia beseni, taulo, kopo la sabuni, anaviangalia kimoja kimoja kama mtu anayekabidhiwa nyumba. "Huo ni wangu. Kesho unaanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Usianze bila mimi. Nitamwosha huo mkono mwenyewe. Nikishamaliza, ndipo muweke hiyo dawa yenu." Anafika mlangoni, anageuka. "Na mjomba, kesho usipige mluzi."

"Sitapiga."

Mkuu wa idara anapoarifiwa, anasema tu kwamba atashuka kesho saa mbili naye awepo. Mzee Karibu anamwomba jambo moja. Mama Kimya hataingia darasani mwaka huu; dawa inahitaji miezi yake, na wanafunzi watakaojifunza kwake hata matokeo yao ya sekondari bado hawajayapata. Mwakani, wakati meza zinapopangwa, ile ya dirishani isipewe mtu mwingine.

"Limepita," daktari anasema.

Ana ombi la pili, la zamani, ambalo amelipeleka kwa wakuu wa idara watatu waliopita: benchi. La mbao tu, la kuwekwa pale nje, ili watu wanaokuja kuwatafuta wapendwa wao wasikalie ndoo. Safari hii hakusubiri jibu. Ameshaongea na fundi seremala wa chuo kuhusu mbao za makabati ya maktaba yaliyong'olewa mwaka jana, ambazo zimelundikwa nyuma ya karakana. Fundi amesema ziko imara. Anataka benchi hilo liwe limesimama kabla ya wanafunzi kufika, na sasa anajua litatokana na makabati ya nani.

Saa kumi na nusu anafunga kazi. Mgeni amerudi kwenye jokofu, shuka imebanwa vizuri pande zote. Mzee Karibu anamwaga maji ya beseni, analisuuza, analiegemeza ukutani likauke. Anatoa taulo mpya kabatini na kuiweka juu ya meza tupu, na juu ya taulo kipande cha sabuni ambacho hakijafunguliwa. Anasita, anatoa glavu ndogo, anaziweka pembeni. Halafu anazirudisha kabatini. Yule binti hatazitaka.

Anafika mlangoni, na midomo yake inajikunja yenyewe kutafuta mluzi. Anaifunga. Anarudi hadi kwenye bomba, analikaza kwa mikono miwili mpaka linaacha kudondoka, na anazima taa.